Si kila "elewa" ni "understand"

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuseme neno juu ya orodha za msamiati wa Kiingereza ambazo gazeti lako huwachapia wanafunzi. Orodha hizo zinasomwa kweli. Huku Kigoma hukatwa kwa wembe na kubandikwa ukutani darasani au ndani ya jalada la daftari, na zikikosea, kosa hukaa muda mrefu. Iliyotufanya tushike kalamu ni ile yenye "understand", "comprehend", "grasp", "realise", "get", "follow" na "make out" upande mmoja, na upande wa pili neno elewa limerudiwa mara saba. Aliyeikariri huchukua lolote lililo karibu. Anaandika "I realised my uncle by his voice", anakoseshwa, na haoni kosa liko wapi. Kamusi yake ndogo inasema "realise" ni kutambua, na mjomba wake si alimtambua kwa sauti?

Vitenzi hivi vinakaribiana maana, lakini havikubali kufuatwa na maneno yaleyale. Kimoja hutaka mtu au kitu baada yake, kingine hutaka sentensi nzima inayoanza na "that", kingine hakisimami vizuri bila "can" au "could". Tena vingine hutaja hali inayodumu, na vingine hutaja nukta moja tu akili inapofunguka. Orodha ya neno kwa neno haiwezi kuonyesha hayo, na ndiyo maana inapotosha hata pale tafsiri yake si ya uongo.

Tuanze na elewa lenyewe, maana nusu ya makosa hutoka nyumbani. Elewa ni kauli ya kutendwa ya elea, kitenzi kilekile cha mtumbwi kuelea majini. Wazee husema "maneno yako yamenielea", yaani yamekaa juu, wazi, sina haja ya kuyapigia mbizi. Anayesema "nimeelewa" basi anataja hali iliyomkuta na ambayo bado anayo, kama "nimeshiba" au "nimechoka". Kiambishi -me- hapo kinataja hali ya sasa hivi. Kiingereza hutaja hali hiyo kwa "I understand", basi. Anayefuata -me- neno kwa neno hupata "I have understood", na anayefuata -na- ya "naelewa" hupata "I am understanding". Kauli hizi mbili zina pahali pake padogo. "If I have understood you correctly" ni Kiingereza safi cha kuhakikisha kwa mwenzako kwamba umemwelewa sawasawa, na "I am understanding a little more each week" hupita kwa kuwa inataja kitu kinachokua. Lakini mwalimu akiuliza "Do you understand?", jibu ni "Yes, I do" au "I understand". Kwa kukanusha, "sikuelewa" ni "I didn't understand", na "sijaelewa" ni "I still don't understand". Na kama tatizo lilikuwa kelele za injini au mvua juu ya bati, si akili, Mwingereza husema "Sorry, I didn't catch that". Kusema "I didn't understand you" mahali hapo kunamfanya mwenzako aanze kukufafanulia upya kitu ambacho ulihitaji tu akirudie.

Kuna sikia pia. "Unasikia Kiha?" si swali la masikio, na Kirundi cha majirani zetu hufanya vilevile: kwumva ni kusikia, ni kuhisi, na ni kuelewa. "Hear" ya Kiingereza haina upana huo. "I hear French" maana yake ni kwamba Kifaransa kinaongewa hapo karibu na sauti inanifikia. Mfanyabiashara anayevuka kwenda Bujumbura au Uvira, ambaye Kifaransa chake ni cha kuombea maji na kupatana bei, aseme "I understand a little French", au aseme kitu kizuri zaidi ambacho hakifundishwi inavyostahili: "I can make myself understood in French". Hiyo ndiyo "najieleza, naeleweka".

Kwa hapa kwetu "comprehend" ina balaa lake la pekee. Asili yake ni Kilatini, kukamata kwa pamoja, na Kifaransa kimeirithi kama "comprendre", neno la kila siku la sokoni na jikoni. Waliopitia shule za Burundi au Congo huihamishia kwenye Kiingereza kwa uzito uleule, ndipo unasikia "I don't comprehend the price". Mwingereza atakuelewa, ila atahisi kama umekwenda kununua nyanya umevaa joho. Katika Kiingereza neno hili ni zito, la maandishi, na mara nyingi hukaa na kukanusha, kwa jambo kubwa linalozidi akili: "She could not comprehend how anyone had survived". Kilichowapotosha wanafunzi ni jina lake, "comprehension", ambalo wanakutana nalo katika kila mtihani wa Kiingereza, pale kwenye kifungu cha ufahamu. Jina ni la kawaida, kitenzi si cha kawaida. Na "comprehensive" ni mtoto aliyetoka njia nyingine kabisa: maana yake ni kitu kilichokusanya yote. Hati ya gari ikiandikwa "comprehensive insurance" ni bima kubwa, si bima inayoeleweka. Inayoeleweka ni "comprehensible", ingawa tukisema kweli, mtu huandika "clear" akaishia hapo.

"Realise" inastahili aya yake, kwa sababu Kiswahili kina neno linaloifundisha kuliko kamusi yoyote, na hatujaona orodha hata moja inayolitaja. Neno hilo ni kumbe. "Kumbe boti imeshaondoka!" Mwanafunzi akiulizwa aitafsiri hukwama kwenye "Kumbe" kama mtu aliyekosa ngazi. Aambiwe tu: "I didn't realise the boat had left". Kumbe inataja nukta ambapo akili inahama kutoka kutojua hadi kujua, na "realise" ni nukta hiyohiyo. Kwa hiyo baada yake huja jambo zima, "that" au "how" au "what", au jina linalobeba jambo zima kama "mistake" na "danger". Haiji nafsi ya mtu. Tena angalia njeo, yaani wakati wa kitenzi: ukianza na "didn't realise", kinachofuata hurudi nyuma hatua moja, "had left", si "has left". Kosa hili la pili hupita machoni mwa wasahihishaji wengi waliochoka. Maana nyingine ya "realise", kama katika "realise a dream", ni kutimiza, nayo haituhusu hapa. Ama kuhusu "realise" kwa s au kwa z, zote mbili ni sahihi nchini Uingereza. Marekani huandika z. Mwanafunzi achague moja aifuate hadi mwisho wa karatasi.

Sasa mjomba na sauti yake. Tambua ya Kiswahili imebeba mizigo mitatu. Kumjua tena mtu uliyemjua kabla ni "recognise": "I recognised my uncle by his voice". Kusema huyu ni fulani, kwa jina, kwa alama au kwa namba, ni "identify", na ndiyo sababu kadi tunayoitembeza mfukoni inaitwa kitambulisho. Kufikiwa na ukweli wa jambo ni "realise". Tofauti ya mbili za kwanza si ya darasani tu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka mwaka 1980 mambo ya kuangaliwa kabla ya kuamini shahidi anayesema alimwona mhalifu: alimtazama kwa muda gani, akiwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na je, alikuwa anamfahamu au aliwahi kumwona kabla. Hilo la mwisho ndilo linalotenga "recognise" na "identify". Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini kumbukumbu za mahakama za juu za miaka iliyotangulia ziko kwa Kiingereza, na mfasiri anayeandika "kutambua" kwa zote mbili ameufuta ushahidi bila kujua.

Gundua nayo huleta taabu ndogo ya namna hiyo. "I discovered that my shirt was dirty" inachekesha, maana "discover" ni kufukua kilichofichika kwa watu au kwa muda mrefu. Lililoonwa kwa macho ni "notice", lililofikiwa kwa akili ni "realise", lililopatikana kwa kuuliza au kutafuta ni "find out". Mvuvi wa dagaa anaporudi alfajiri mwaloni Kibirizi, "he noticed a tear in the net" ni jicho lililoona. "He realised why the catch was so small" ni akili iliyounganisha tundu na ndoo zilizo tupu. "He found out later who had cut it" ni baada ya kuulizauliza. Ukibadilisha vitenzi hivyo nafasi, habari yenyewe inabadilika.

Vilivyobaki ni vya kushika na kunasa, na humo Kiswahili kinatusaidia sana, kwa kuwa sisi pia tunasema mtoto "anashika haraka". "Grasp" ni kushika hivyo, ila hushika wazo, si mtu: "grasp the idea", "grasp the basics". "I grasp you" maana yake umemkamata kwa mkono. "Get" ni pata ya mitaani, "umenipata?", na ni ya mazungumzo: "get the joke", "I don't get it". Barua ya kuomba kazi haiikubali. "Follow" ni kwenda na maelezo hatua kwa hatua, na hufaa kwa hotuba, hoja, hesabu ndefu ubaoni. Mtego wake ni kwamba "follow the explanation" ni kuelewa, lakini "follow the instructions" ni kutekeleza. Mtahiniwa anayejibu kwamba aliyafuata maelekezo ya karatasi kwa maana ya kuwa aliyaelewa tu, ametoa jibu jingine. "Take in" ni kuingia akilini. Ukisoma ukurasa mara mbili kwa sababu una usingizi na usibaki na kitu, "I couldn't take it in". Neno halikuwa gumu, bali kichwa kilikuwa kimefungwa. "Work out" ni kufikia jibu kwa kufikiri au kupiga hesabu, na Wamarekani hupenda "figure out".

Katika kundi hili kinachokosewa zaidi ni "make out", labda kwa sababu hatuna kitenzi kimoja cha kukilingana nacho. Maana yake ni kuona, kusikia au kusoma kwa shida hadi ujue ni nini. Kipindi cha kiangazi vumbi na moshi hulifunika ziwa, na kutoka Kigoma mtu haoni ng'ambo. Mvua ikishaosha anga, milima ya Congo hujichora. "On a clear day you can just make out the mountains of Congo." Angalia vijana watatu waliokaa ndani ya sentensi hiyo: "can", "just", na kitu kilicho mbali. Hao ni ndugu wa "make out" na mara nyingi hutembea pamoja. Vivyo hivyo kwa mwandiko wa daktari: "I can't make out this word". Huwezi kusema "I can't understand this word" hapo. Neno unalijua pengine vizuri sana, ni herufi tu zisizoonekana.

Jaribio tunalopendekeza halihitaji kitabu. Andika ubaoni "I ___ him", chini yake "I ___ that he was angry", na chini kabisa "I couldn't ___ his handwriting". Wape vitenzi, wajaze kwa kila mstari vinavyokubali. Mstari wa kwanza unapokea "understand" na "recognise", unapokea "get" kwa kupiga soga, unakataa "realised" moja kwa moja, na ukiweka "follow" unageuka kuwa kumfuata mtu njiani. Wa pili unapokea "realised", "understood", "noticed", "gathered", na ukiweka "made out" unageuka kuwa kudai kitu. Wa tatu unataka "make out", au "recognise" kama swali ni la nani ameandika. Kwa darasa la wanafunzi arobaini zoezi lina dakika kumi na tano, na mabishano yake ndiyo somo lenyewe. Atakayekataa kila kitu hadi apewe tafsiri ya Kiswahili, mpe sentensi ya Kiswahili nzima, si neno.

Adabu nayo ina mitego. Walimu wengi huuliza darasa "Are we together?", ambayo ni "tuko pamoja?" iliyovikwa nguo za Kiingereza. Mgeni atatazama kushoto na kulia. Useme "Are you with me?" au "Are you following?". Kibaya zaidi ni "nimeeleweka?". Kwa Kiswahili hiyo ni kauli ya unyenyekevu, msemaji anajitwika mzigo: kama kuna tatizo, ni langu mimi niliyeeleza. Ukiigeuza kuwa "Have I made myself clear?" umetoa karipio. Bosi husema hivyo akiwa amekunja uso. Unyenyekevu wa "nimeeleweka?" kwa Kiingereza unakaa katika "Does that make sense?", ambapo kinachopimwa ni maelezo, si akili ya msikilizaji.

Kisha elewana. "Hawaelewani" maana yake ni wana ugomvi, "they don't get on". "They don't understand each other" inaweza kuwa ni watu wanaopendana ila mmoja anaongea Kiha na mwingine Kilingala. "Tulielewana bei" ni "we agreed on a price", na yale matangazo ya viwanja yanayomalizika kwa "bei maelewano" ni "price negotiable", si bei ya kuelewa chochote. Hapo Kiingereza kimekutana nasi mara moja tu: hati ya makubaliano huitwa "memorandum of understanding", na "understanding" hiyo ni maelewano kwelikweli.

Tumeiacha mwisho ile ambayo huumiza watu mfukoni. Barua ya ofisi ikianza "We understand that you have not paid", wasomaji wengi huitafsiri "tunaelewa kwamba hujalipa", wakashusha pumzi, kwamba jamaa wameelewa hali zao. Hakuna huruma hapo. "Understand that", katika barua za kiofisi, ni "tuna taarifa kwamba". Mwandishi anajilinda tu, endapo aliyemwambia amekosea. Huruma ingeandikwa "We understand your situation", bila "that", au "We appreciate that this is difficult", na hiyo "appreciate" si asante, ni kutambua uzito. "I gather" ni ya aina hiyohiyo ila nyepesi, kuokotaokota kutoka maneno ya watu: "I gather you are from Ujiji". Na kwa kuwa tumefika Ujiji, lile "presume" la "Dr Livingstone, I presume?", ambalo mwandishi wa habari Stanley anasimuliwa kumsalimia nalo mmisionari Livingstone hapa mwaka 1871, halikuwa la kubahatisha. "Presume" ni kudhani ukiwa na sababu mbele ya macho, na mzungu mzee, peke yake, katika mji ule, alikuwa ni sababu tosha. Angesema "assume" angekuwa amekisia hewani.

Tunaomba basi, Mhariri, orodha ijayo iwe na sentensi moja kwa kila kitenzi, hata kama itabidi vitenzi vipungue kutoka saba hadi vitatu. Na mkifika kwenye "know", tafadhali msiiache "nikaja kujua". Wanafunzi wetu wote huandika "I came to know that he had travelled". Iwekwe "I found out".

Wafundishaji wa Kiingereza,
Ujiji, Kigoma